Wavu wa chandarua si tiba duni ya ngiri
Kudai, kama inavyodai makala ninayoijibu, kwamba kuziba kwa upasuaji ngiri ya kinena (utumbo unaojitokeza kwenye udhaifu wa misuli ya kinena) kwa wavu wa chandarua ni kumpa maskini tiba duni ni kupuuza utafiti wa mashariki mwa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, ambapo wanaume 302 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja la wavu wa chandarua na jingine la wavu ghali uliotengenezwa kwa ajili ya upasuaji, na, baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mgonjwa mmoja tu wa kundi la chandarua (kisicho na dawa ya mbu, bila shaka), huku matatizo mengine yakikaribiana na ya wavu ghali. Hofu yangu iko kwenye utakasaji, yaani kuua vijidudu kwa joto kabla ya upasuaji: wavu wa chandarua huhimili nyuzijoto 121, ilhali mashine nyingi za kutakasia huendeshwa kwa 134. Wenzangu wa hospitali za wilaya, kwenu nani hukagua kipimo hicho cha joto?