Kuhitimu si fadhila: kanuni mbovu zinavyopingwa

Mwanafunzi kiziwi amefaulu masomo yote, kisha jina lake linaondolewa kwenye orodha ya wahitimu kwa sababu kozi moja inadai hotuba ya mdomo ya dakika 10. Ofisi inajibu: kanuni ni kanuni. Sawa, lakini kanuni hiyo inapima nini? Kama inapima kupanga hoja na kuwashawishi wasikilizaji, basi hotuba kwa lugha ya alama, mkalimani akiwa pembeni, inapima kitu kilekile.

Tenganisheni kiwango na njia ya kukipima. Kiwango kina haki ya kulindwa. Njia mara nyingi ni mazoea tu. Asiyeona akidaiwa achore moyo wa binadamu, anapimwa macho, si biolojia. Mpeni modeli ya kushika, aeleze damu inavyopita chumba hadi chumba.

Sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 2, unahesabu kunyimwa marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayomwezesha mwenye ulemavu kushiriki sawa na wengine, kuwa ni ubaguzi. Kifungu cha 24 kinaifikisha haki hiyo hadi elimu ya juu. Chuo kinaweza kujitetea kwamba mzigo umezidi uwezo wake, ila lazima kiuonyeshe mzigo wenyewe.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuomba kusamehewa somo. Msamaha una bei yake: mara nyingine anayesamehewa huishia na cheti cha mahudhurio, na mwajiri hakitambui. Omba mbadala wa kipimo, kiwango kibaki palepale, na matokeo yaandikwe kama ya wengine bila alama ya pembeni.

Barua ya kuomba mbadala huo iwe ukurasa mmoja: namba ya kanuni, kikwazo, mbadala unaopendekezwa, tarehe ya kujibiwa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ahadi ya mdomo huondoka na mkuu wa idara anapohama. Ripoti ya daktari nayo huangusha wengi. "Ana mtindio wa ubongo" haitoshi, maana haisemi nini kinashindikana. "Akiandika kwa mkono dakika 15 misuli hukakamaa, hivyo anahitaji kompyuta na muda wa ziada" ndiyo inayofanya kazi.

Ukomo wa miaka ya masomo una ujanja wake. Ikiwa vitabu vya nukta nundu vilichelewa, weka daftari: tarehe vilipoombwa, tarehe vilipofika. Miezi iliyoliwa na chuo chenyewe haipaswi kuhesabiwa kwa mwanafunzi, na daftari hilo ndilo ushahidi.

Haya yote yaanze mwanzoni mwa mwaka wa mwisho. Muda wa kukata rufaa baada ya matokeo huwa mfupi, na seneti ya chuo, inayoamua mambo ya taaluma, haikutani kila wiki.

Na jukwaa la mahafali liingie kwenye barua hiyohiyo. Kipimo kinachotumika sana cha mteremko wa kitimwendo ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hiyo jukwaa la sentimita 60 linataka mteremko wa mita 7.2. Huo haujengwi asubuhi ya sherehe. Anayekumbukwa asubuhi hiyo hupewa cheti chake chini, wenzake wakiwa juu.