Ua la ukutani, unampandia nani?

Jumamosi nilisimama kwa wauza miche wa kando ya barabara, natafuta asumini, ua la kutambaa. Kijana akaniangalia kama niliyeulizia kibatari. "Mama, hiyo ya mabibi. Chukua bogenvilia, nyumba zote nzuri siku hizi ni hii." Nilipogoma, akanivutia kitu kingine: pazia la majani ya plastiki, limechomekwa vijiua vyeupe. Eti halihitaji maji. Na tofali pia halihitaji maji, mwanangu.

Sasa nimerudi nyumbani bado nina hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Bogenvilia nitaisifu mara moja na yaishe. Inavumilia jua la Dar, chumvi ya bahari na mwenye nyumba mvivu. Tena ukiimwagilia kupita kiasi inajaza majani na kukunyima maua. Miiba yake humtia mwizi adabu kuliko vile vipande vya chupa juu ya ukuta. Haya, nimesema. Ila hayo mnayoyapigia picha wala si maua, ni majani yaliyojitia rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati ambako hakuna anayekatazama.

Swali langu ni moja: hiyo rangi unaiona saa ngapi?

Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, giza. Foleni unaijua. Narudi saa mbili usiku, na zambarau saa mbili usiku ni nyeusi tu. Anayeifaidi ni dereva wa bodaboda anayesubiri abiria kijiweni, na mama wa chapati ng'ambo ya barabara. Yaani ninunue mche, nitafute samadi, nilipe maji ya boza, ili niwapambie wapita njia! Wapita njia nawapenda, lakini bili hawachangii.

Asumini iko zamu moja na mimi. Mchana vitumba vimefumba, huvioni hata ukivitafuta. Jua likizama vinaanza kufumbuka, na ukifungua geti usiku, viatu vinakubana, kichwa kinagonga, ile harufu inakupokea kabla hata mtoto hajakupokea. Kukicha maua yako chini, yamemaliza kazi. Hayahitaji macho yako. Yanahitaji uwe nyumbani.

Bibi yangu kule Tanga alijua saa yake. Alasiri alitutuma tukachume vitumba vikiwa bado vimefumba, na ole wako ulete kilichochanua. Alivitunga kimoja kimoja, sindano ikipita kwenye kikonyo, halafu akavilaza kwenye sahani juu ya kitambaa kibichi. Kufika isha vimefumbuka vyote kwenye uzi. Siku za harusi aliongeza mrehani na vilua, kikawa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. (Najua kilua ni mti, hautambai. Msije kunisahihisha.) Sijawahi kumwona bibi akipanda ua kwa ajili ya ukuta.

Ukishakubaliana nami, mwasumini usiuweke getini basi. Weka karibu na dirisha la chumbani, penye jua la kutosha. Chagua ile yenye petali chache. Ile iliyojaa kama waridi hubaki kichaka. Na mwasumini hauna kucha wala mikono ya kushikia, hivyo ufunge kwenye waya kwa kamba ya katani, taratibu, usiukabe. Maua yakipungua, kata bila huruma, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Mimea mingine ya kutambaa? Ule wa maua makubwa ya bluu niliupanda mwaka mmoja. Ulimaliza ukuta, ukapanda mwembe, ukaenda kukaa kwenye paa la jirani, na sisi na jirani hatukusalimiana mpaka Idi. Ule unaochanua mweupe jioni, kesho ukawa pinki, mwisho mwekundu, huo nauruhusu kwa kuwa nao hunukia usiku. Pasheni ina ua zuri na tunda juu, sasa unaniuliza nini tena?

Wako watakaosema asumini usiku huita majini. Nyumba yangu ina mkopo wa benki. Jini mwenye akili atapita tu. Nyoka je? Nyoka anafuata panya na vichaka, kwa hiyo fyeka chini, usisingizie harufu.

Mche wa asumini sikununua. Nilimpigia shangazi, akanikatia vijiti vitatu kwenye mwasumini wake, akavifunga kwenye gazeti lenye unyevu na kumpa dereva wa basi aniletee. Nimevichomeka kwenye kopo la rangi chini ya dirisha. Viwili vimekauka. Cha tatu, leo asubuhi nikiwa na tochi ya simu, nimeona kimetoa majani mawili.