Lisaa limoja tu, anko

Jamani hakuna neno la kuogopa kama "lisaa limoja tu". Mi nilikuwa nimejikalia nyumbani Jumamosi, miguu juu, nautazama mlango wa kabati la jikoni ambao umening'inia kwa bawaba moja tangu enzi sizikumbuki, nautazama kwa jicho la mtu anayejipanga kuutengeneza, mara binti wa jirani huyu hapa na tisheti mkononi. "Anko, uchaguzi umebakiza siku nne, tumepungukiwa watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu wakapige kura, lisaa limoja tu anko." Nikapiga hesabu ya haraka, lisaa la kutembea au kabati? Nikavaa viatu. Hilo lisaa likaja kuisha Jumatano saa nne usiku.

Tisheti yenyewe zilibaki ndogo tu. Yani kila nikiinua mkono kugonga mlango kitovu nacho kinatoka kufanya kampeni yake.

Na ieleweke hatukuwa wa mgombea yeyote. Ujumbe ulikuwa mmoja, nenda kapige, unayempigia ni shauri yako. Sasa jaribu kumweleza mtu hivyo mlangoni kwake. Anasoma tisheti juu mpaka chini, anazunguka anasoma na mgongoni, "hii ya nani?" Si ya mtu. "Haiwezekani, kila tisheti ina mwenyewe." Ukimaliza hapo linakuja lenyewe, "wanakulipa kiasi gani?" Najitolea. "Ndiyo nimesikia, sasa kwenye huko kujitolea wanakulipa kiasi gani?" Nilichoka mpaka nikatamani kutaja kiasi chochote ili nifunguliwe mlango. Hata mama mkwe alipiga simu, salamu hajamaliza, anauliza bahasha zinatoka lini.

Kabla ya kuachiwa mitaani tulipewa semina ya nusu saa na huyo huyo binti, na hapo ndo nilianza kumheshimu maana ana mambo kichwani. Mi nilisema si tungekaa tu kwenye viti tuwapigie simu, mbona tunateseka? Akasema hapana anko, mwaka 1998 kuna watafiti wawili wa chuo cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio mji wa New Haven kule Marekani kwa wapiga kura kama elfu 30, wengine wakagongewa milango, wengine wakatumiwa barua, wengine wakapigiwa simu. Mlango ukashinda kwa mbali, barua ikasogeza kidogo, simu haikusogeza kitu. Kwa hiyo magamba ya kisigino changu yana wenyewe, na wenyewe wako Yale.

Halafu akatufundisha na kuuliza. Usimuulize mtu "utapiga kura?" maana atakwambia ndiyo ili uondoke, nani atasema hapana mbele ya kitovu cha mtu mzima. Muulize utaenda saa ngapi, utatokea wapi, utapita njia gani. Akishajibu hayo safari anakuwa ameshaipanga kichwani bila kujua. Nayo ilipimwa, kwenye uchaguzi wa mchujo wa kumpata mgombea wa chama cha Democrat, jimbo la Pennsylvania huko huko Marekani, mwaka 2008, watu wakapigiwa simu wakaulizwa hivyo hivyo na kweli walioulizwa wakajitokeza zaidi. Nikasema subiri kwanza, si umesema simu haisogezi kitu? Akasema anko, inategemea simu inauliza nini. Akaongeza kitu ambacho sijakisahau, kwamba iliwasaidia hasa wale ambao nyumbani kwao mpiga kura ni mmoja tu, nyumba zenye wapiga kura wengi haikuonekana kubadili kitu. Mi sikushangaa. Mtu mwenye mke anaulizwa utaenda saa ngapi, utapita wapi na utarudi na nani kila siku ya Mungu, uchaguzi uwepo usiwepo.

Kosa langu ni kwenda kuisimulia nyumbani. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, akasikiliza vizuri, akasema "ehee". Ile ehee ningeitilia maanani.

Tulipewa fomu yenye majina, pembeni unajaza kwa penseli. 1 ataenda, 2 huenda, 3 haendi, H hayupo. Karatasi yangu siku ya kwanza ilikuwa H tupu kama mtu anayecheka. H H H H. Na hao hawapo wengine nawasikia ndani wanapunguza sauti ya tivii.

Kuna bibi mmoja jina lake lilikuwa na 1 yenye duara, maana yake huyu hajawahi kukosa uchaguzi, usipoteze muda, msalimie upite. Nikamsalimia. Kupita ndo ikashindikana. "Mjukuu wangu kwa kuwa umekuja hebu nishushie lile begi juu ya kabati." Nikashusha. Silo. Nikapandisha, nikashusha lingine. Ndani ya la tatu ndo kulikuwa na kitambulisho chake kimefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mfuko, mfuko kwenye mfuko. Akakitazama, akaridhika, akaanza kukifunga upya. "Haya rudisha." Saa nzima na dakika zake. Na kabati lake, naomba niseme, bawaba zote zilikuwa nzima.

Kuna kijana naye alinipa raha mpaka nikamwandika 1 kwa nguvu penseli ikavunjika. Saa moja na nusu asubuhi, njia ya nyuma kukwepa vumbi, na mchumba wake, kitambulisho tayari kwenye suruali ya Jumatano. Nikasema hawa ndo vijana wa taifa.

Sasa siku ya tatu jioni nikamkuta mzee mmoja barazani anasoma gazeti. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa, mzee utaenda saa ngapi? Akashusha miwani. "Kwani kura yangu moja itafanya nini?" Hapo nikafurahi maana jibu nililifanyia mazoezi njiani. Nikamwambia mzee kura moja si mchezo, Januari 1961 kule Zanzibar jimbo la Chake Chake chama cha ASP, wale Afro-Shirazi, kilichukua kiti kwa kura moja tu.

"Na hicho kiti kikafanya nini?"

Kikawafikisha viti 10, wapinzani wao wa chama cha ZNP wakawa na 9.

"Halafu?"

Halafu chama cha tatu, ZPPP, waliokuwa na 3 wakagawanyika, wawili wakaenda kwa ZNP, mmoja kwa ASP. Ikawa 11 kwa 11.

"Halafu?"

Nikaanza kuona ninakopelekwa lakini nimeshachelewa kushuka. Halafu... uchaguzi ukarudiwa mwezi wa sita mwaka huo huo.

Mzee akakunja gazeti taratibu. "Kwa hiyo huyo mtu aliamka alfajiri, akapanga foleni, akabadilisha historia, halafu akaambiwa arudi tena mwezi wa sita. Mi ningedai nauli." Akafungua gazeti. Nilisimama pale natafuta cha kusema, sikukipata, nikaandika 2 nikaondoka. Kwa haki ilikuwa 3 ila nilikuwa na hasira nayo.

Siku yenyewe tukapita mara ya mwisho kwa wale wa 1 na 2. Saa tisa alasiri naenda kwa kijana wangu wa taifa, nagonga, nagonga, anatoka na alama ya mto shavuni. "Bro saa ngapi saa hizi?" Nikamwambia. "Aisee." Mchumba je? "Alinipitia asubuhi, alivyoona siamki akaenda mwenyewe." Suruali ya Jumatano ilikuwa imefuliwa, kitambulisho kikiwa humo humo. Nikamsukuma akaenda nacho kikiwa kimejikunja kama jani, mbio, ndala mguu mmoja nyekundu mwingine bluu, na foleni akaiwahi, sifa nazitaka mimi.

Kwa mzee nilienda kwa kumalizia karatasi tu. Nikamkuta pale pale barazani, gazeti lile lile. Mzee vituo vinakaribia kufungwa. Akanionyesha kidole kina wino. Saa moja asubuhi kashapiga, alikuwa wa pili kwenye foleni, tena analalamika huyo wa kwanza alipendelewa. Sasa mzee juzi mbona ulinihangaisha vile? "Wewe uliniuliza saa ngapi," akasema, "hukuniuliza kama naenda."

Nimerudi nyumbani saa nne usiku, miguu si yangu, redio inasoma matokeo ya mwanzo mwanzo, nikaingia jikoni kutafuta maji. Kwenye mlango wa kabati kumebandikwa fomu. Yani fomu ya kwetu ile ile, sijui kaichomoa saa ngapi kwenye mafaili yangu. Jina moja tu, langu. Pembeni kwa penseli, Jumamosi H, Jumapili H, Jumatatu H, Jumanne H, leo 2. Na chini kabisa kwa mwandiko wake mzuri: saa tatu asubuhi, atapitia kwa jirani kuchukua bisibisi, atarudi nayo mwenyewe.