Kufungua injini ya rotari nyumbani: ujasiri au kujitafutia hasara?

Kama unazungukazunguka mjini huwezi kukosa kuona RX-8, lile gari la Mazda lenye injini ya rotari, imelala uani kwa mtu, tairi zimekaa chini, paka wanalala juu ya boneti, na ukimuuliza mwenyewe anakwambia injini imekufa natafuta fundi. Huo mwaka wa tatu anatafuta. Ndo hapo linakuja wazo kwamba si aifungue mwenyewe tu, mbona Marekani na Uingereza watu wanafungua kwenye gereji za nyumbani na gari linawaka. Mimi nimeshiriki kazi moja mwanzo mwisho, gari la binamu yangu hapa Dar, kwa hiyo naomba niliweke hili mezani pande zote mbili, maana wanaosema "usithubutu" na wanaosema "rahisi tu" nimegundua wanabishana kuhusu vitu viwili tofauti kabisa na wote wana point.

Kwa asiyeijua kwanza. Injini za kawaida zina pistoni zinapanda na kushuka, zina valvu, kamshafti, cheni au mkanda wa taiming. Rotari haina hata kimoja kati ya hivyo. Ndani kuna pande la chuma la pembe tatu, chukulia sambusa iliyovimba mbavu, linazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga la punje mbili. Kila ubavu wa sambusa unavuta hewa na mafuta, unabana, unalipuka, unatoa moshi, zamu kwa zamu, na rota ikizunguka mara 1 shafti inakuwa imeshazunguka mara 3. RX-8 ina rota 2 za cc 654 kila moja, jumla 1308, ndo maana kwenye karatasi inasomeka kama kijigari cha kwendea sokoni halafu ile ya gia sita inapandisha mpaka mizunguko 9,000. Kwenye kila ncha ya sambusa kuna kijiti cha chuma kinaitwa epeksi sili, upana wake milimita 2 tu, na ndicho kinafanya kazi ya ringi za pistoni. Kijiti kikiisha, au ukuta kinaousugua ukiisha, kompresheni imeondoka na gari haliwaki likiwa la moto.

Sasa wale wa "rahisi tu" wanasema nini? Wanasema vitu vinavyozunguka ndani ni vitatu, rota mbili na shafti moja, basi. Hakuna taiming ya cheni, hakuna kusaga valvu, hakuna hedi ya kupinda. Injini inasimamishwa wima na unaipanga tabaka kwa tabaka kama chapati, sahani ya chuma, hauzingi (kile chumba cha umbo la karanga), rota, sahani ya kati, hauzingi, rota, sahani ya mwisho, halafu bolti ndefu zinapita zote kwa pamoja. Na ni kweli kabisa! Ukishaivua makorokoro yake inakuwa ndogo mpaka unacheka, sisi tuliiweka juu ya meza ya kulia chakula ya shemeji na akanuna wiki tatu. Kitu kigumu kuliko vyote kwenye kuvua ilikuwa nati ya flaiwili, namba 54, hakuna mtu wa magari madogo mwenye soketi hiyo, tukaenda kuazima kwa jamaa wa malori na tukaongeza bomba la mita moja na nusu ndo ikakubali. Nyingine zote ni spana za kawaida.

Hata kitabu cha Mazda chenyewe kinakwambia upake Vaseline kushikilia vile visili na raba zisidondoke wakati unapanga. Kwa hiyo mtu akisema hii ni sayansi ya kurusha roketi mwambie ni sayansi ya Vaseline.

Hoja yao ya pili ndo mimi inanishika zaidi. Huku kwetu fundi wa rotari ni nani? Mafundi wetu ni wazuri, tena wazuri sana, mpe injini ya Toyota ataifunga umeme umekatika anamulika na simu. Ila rotari wengi hawajawahi kuiona ndani, na fundi wa hapa hawezi kukwambia sijawahi, atakwambia lete. Kwa hiyo kama na yeye anaenda kujifunzia kwenye injini yako kwa pesa yako, kwa nini usijifunze wewe? Halafu kuna suala la muda. Mle ndani kuna saidi sili 12, viwaya vyembamba vya pembeni mwa rota, na kila kimoja kinakatwa kwa tupa kikae na mwanya mdogo sana kati yake na kona sili, ile sili ya kwenye kona ya rota, vitabu vya 13B za zamani, yaani rotari za Mazda zilizotangulia, vinataja milimita 0.05 mpaka 0.15. Unapiga tupa mara mbili, unapima na fila geji, unapiga tena mara moja, unapima. Ukizidisha, kile kiwaya umekitupa. Na kila kimoja ni cha nafasi yake, huwezi kuchanganya. Sisi ilituchukua jioni mbili, feni imezimwa kwa sababu ya vumbi, madirisha yamefungwa, Februari ya Dar, jasho likidondokea kwenye chuma ambacho hutaki hata kidole kikiguse maana kinashika kutu kabla hujala ugali. Nambie ukweli, fundi anayelipwa kwa kazi na ana magari sita yanamsubiri nje atakaa jioni mbili anapiga tupa viwaya? Hapo nyumbani panashinda, sina ubishi.

Upande wa pili basi.

Wale wa "usithubutu" mara nyingi wanaeleza vibaya, wanatisha watu kwamba injini ni ngumu kufunga, kumbe tatizo si kufunga. Tatizo ni kujua nini kinarudi ndani na nini kinaenda kwenye pipa la taka. Injini ya pistoni silinda ikilika unaipeleka kwa watu wa kuchonga, wanapanua, unanunua pistoni ovasaizi au unapiga silivu, mchezo umeisha. Hauzingi ya rotari haichongwi. Ni aluminiamu ambayo ndani ina ganda la chuma lililopakwa kromu, na ile kromu ikianza kubanduka huwezi kuongeza saizi, umbo lenyewe si duara. Kile kijiti kipya cha milimita 2 ukikiweka kwenye ukuta wenye makovu kitalika mapema na umerudi ulipotoka, tena safari hii ukiwa huna hela. Sahani za pembeni angalau zinaweza kusawazishwa ukimpata mwenye mashine na ujuzi. Hauzingi ni kununua mpya, au kupata yuzdi nzima ukibahatika.

Na hili la ukuta siyo la kwetu sisi maskini tu. Wajerumani wa NSU, ambao ndio walikuwa na Felix Wankel mwenyewe, mvumbuzi wa rotari, walitoa gari la rotari Ro 80 mwaka 1967, gari ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya 1968, lakini sili zikawa zinakufa mapema wakabadilishia watu injini kwa garantii mpaka kampuni ikaishiwa pumzi na mwaka 1969 ikaunganishwa chini ya Volkswagen. Mazda nao, Kenichi Yamamoto na timu yake ya wahandisi, walikuta kuta za ndani zimechorwa mikwaruzo mpaka wakaipa jina la kucha za shetani, wakahangaika miaka ndo ikatoka Cosmo Sport 1967. Na hata baada ya uzoefu wote huo, wakiwa wameshinda na mbio za saa 24 za Le Mans 1991 kwa injini ya rota nne, RX-8 ilipokuja Mazda kule Marekani walilazimika kuongeza garantii ya injini ya ndani mpaka miaka 8 au maili 100,000. Sasa wewe na binamu yako na Vaseline mnajiamini nini?

Hesabu ya pesa nayo ikae wazi. Seti ya sili na raba orijino peke yake ni dola elfu moja na zaidi, bado kusafirisha, bado ushuru. Hauzingi mbili mpya ukiongeza juu yake unapita bei ya injini yuzdi ya Toyota ndogo, tena ukiwa na chenji. Ndo maana wengi wanafanya kosa lilelile: wananunua sili mpya wanarudisha hauzingi za zamani kwa kuangalia kwa macho na kusema "mbona inang'aa".

Sawa, kwa nini usinunue injini yuzdi kutoka Japani tu? Jamani, jiulize gari lilipelekwa kukatwa kwa sababu gani. Injini ya Toyota iliyotoka kwenye gari lililogongwa inaweza kuwa nzima kabisa. Ya RX-8 kuna uwezekano mkubwa gari lilikatwa kwa sababu ya hiyohiyo injini. Bila karatasi ya kompresheni usitoe hela, na kompresheni yenyewe isipimwe kwa geji ya kawaida, ile inashika namba kubwa kuliko zote na kuficha mbavu mbili zilizokufa. Unataka namba tatu kwa kila rota, jumla sita. Mazda wanasema chini ya 6.9 (kilo kwa sentimita ya mraba) kwenye mizunguko 250 ya stata hiyo injini imekwisha, na mbavu za rota moja zisipishane zaidi ya 1.5. Kama huna kipimo, chomoa plagi mtu apige stata usikilize, puf puf puf zilingane, ikiwa puf puf kimya ujue ubavu mmoja umekwenda na maji.

Wapo wanaosema toa takataka hiyo weka 1JZ, injini ya Toyota. Sina ugomvi nao, gari litatembea na fundi utampata kila kona. Ila injini ya rotari ni fupi, imekaa chini na nyuma kabisa ya ekseli ya mbele, ndo sababu lile gari linakata kona vile. Ukiweka chuma cha silinda sita kwenye pua umebaki na bodi ya RX-8, na kadi ya gari nayo lazima ukaibadilishe namba ya injini. Kama ulilipendea milango yake tu, poa.

Kitu ambacho pande zote mbili wanakiruka ni nani aliiua injini. Ya binamu muuaji alikuwa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Koili zikichoka mafuta hayaungui vizuri, yanaenda kuungulia kwenye katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, katalisti inaziba, joto linarudi, sili zinakaangwa. Ungefunga injini mpya kabisa ukaacha zilezile koili nne na ileile katalisti iliyoziba ingekufa tena. Oili pia. Rotari inakunywa oili kwa makusudi, kuna pampu inaidondoshea kwenye chumba ili kulainisha sili, na mtu akishazoea Vitz hafunui boneti mpaka taa iwake. Wengine wanachanganya na oili ya tustroko kwenye tangi, kama wavuvi wa Kunduchi na injini zao za boti ila kidogo sana, kama mililita 4 kwa lita. Wapo wanaosema haina maana kwenye gari la barabarani. Mi naweka upande wa wanaochanganya, kwa bei ile ya epeksi sili siwezi kubania oili ya tustroko.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi, na unaweza kunipinga. Swali la nyumbani au gereji ni la pili. La kwanza ni kama una hela ya hauzingi. Kama unayo, au zako zimefunguliwa zikakutwa safi kweli, pima mwanya wa saidi sili, pima mchezo wa shafti kwa dayo geji uwe kati ya milimita 0.04 na 0.07, fungia nyumbani bila wasiwasi na utaifunga vizuri kuliko fundi mwenye haraka. Kama huna, usiifungue kabisa, iache ilivyo, maana injini iliyofungwa inauzika na iliyo kwenye beseni haiuziki, hata mnunuzi wa vyuma chakavu anakuangalia kwa huruma.

Ya binamu? Iliwaka siku ya nne, moshi mweupe kama mtaa mzima unachoma mishikaki, Vaseline yote ile inaungua, halafu ukakata ikatulia. Tulikuwa na hauzingi ya mbele nzuri, ya nyuma ilikuwa na kromu imebanduka kidogo pembeni na mimi nilisema tusiirudishe, yeye akasema hela imeisha kaka, turudishe. Tumepima juzi ikiwa na kilomita 4,000 baada ya kufungwa. Ya mbele 7.9, 7.8, 7.9. Ya nyuma 7.1, 6.9, 7.0, na bado inashuka. Likiwa la baridi linawaka vizuri, likiwa la moto unahesabu moja, mbili, tatu, nne ndo linashika. Anasema mwakani anaifungua tena na safari hii ananunua hauzingi. Shemeji keshabadilisha meza, kaweka ya kioo.