Watakaowahi Wataliwa Kwanza

Chama chetu cha kuweka na kukopa, ambacho ofisi yake ni chumba kimoja cha kupanga huku Ngamiani, Tanga, kilipata tovuti kwa sababu mwenyekiti alichoka kusikia kwamba vyama vingine vinayo. Mimi, kwa kuwa ni katibu na kwa kuwa nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu, nilikabidhiwa kazi ya kuiendesha. Kijana aliyeijenga alitueleza kikaoni kwamba ametumia Joomla, programu ya kuendeshea tovuti. Mwenyekiti, ambaye ana duka la nafaka, alikunja uso na kuuliza kwa nini tuchukue ya jumla ilhali wanachama wetu hawafiki hata mia mbili. Ya rejareja ingetutosha.

Tulicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Programu hiyo ilizaliwa mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa programu nyingine iliyoitwa Mambo kutofautiana na kampuni ya Australia iliyokuwa na haki ya jina hilo. Walijitenga, na jina jipya walilochagua ni neno letu hilihili, jumla, kwa maana ya wote kwa pamoja, likaandikwa kwa namna ambayo Mwingereza ataweza kulitamka. Nilipomweleza hivyo, mwenyekiti alitaka kujua kama tunalipwa chochote kwa neno letu kutumiwa. Niliandika swali hilo katika muhtasari wa kikao, na limo humo hadi leo.

Kijana yule alinifundisha kwa mfano wa kanga. Pindo na mji ni sura ya tovuti, yaani rangi, nembo na mpangilio. Jina la kanga ni maandishi, ambayo hayakai katika sura hiyo bali yamehifadhiwa kando, katika hifadhidata. Kila mtu anapofungua ukurasa, programu huyachukua maandishi huko, ikayavisha pindo na mji, ikamkabidhi msomaji. Kwa hiyo katibu anaweza kubadilisha jina kila siku bila kumwita fundi. Alichosahau kukitaja ni kwamba jina la kanga likikosewa, mtaa mzima hupata cha kusema.

Alinifungulia akaunti mbili. Ya kwanza, iliyoandikwa Super User, ilikuwa na mamlaka yote, naye alinisihi nisiiguse ila kwa mambo ya mfumo wenyewe. Nilibadilisha nywila yake siku hiyohiyo, nikaiandika kwenye kipande cha boksi la chaki na kukibandika chini ya kibodi. Ya pili, yenye jina langu, ilikuwa ya mhariri: inasahihisha makala na basi. Binadamu hupenda ukubwa. Nilikuwa naingia kwa ile ya kwanza kila siku, hata kuandika salamu za Idi.

Ijumaa moja jioni niliandika tangazo la mkutano mkuu nikiwa na haraka, kwani nilitakiwa Pangani kwenye harusi ya mpwa wangu. Sentensi ya mwisho ilikusudiwa kusema kwamba posho ya nauli ipo, na wanachama watakaowahi watalipwa kwanza. Kitufe cha P kilikuwa kigumu tangu siku kibodi ilipomwagikiwa uji. Nilihifadhi, nikaona ule ujumbe wa kijani wa kuthibitisha, nikafunga dirisha kwa kubofya alama ya mkasi pembeni, nikazima kompyuta, nikaifunika kitambaa chake na kwenda zangu.

Asubuhi yake mhazini alinitumia picha ya tangazo pamoja na swali moja: "Katibu, wataliwa na nani?"

Niliisoma sentensi mara tatu. "Posho ya nauli ipo, wanachama watakaowahi wataliwa kwanza." Kwingine lingekuwa kosa la herufi moja, lakini katika chama kinachoshika fedha za watu, kuliwa si neno la mzaha. Mwanachama mmoja alituandikia kutushukuru kwamba safari hii tumesema mapema.

Niliingia kwenye tovuti kwa simu, kwa akaunti yangu ya mhariri, maana nywila ya ile kubwa ilikuwa chini ya kibodi, kama kilomita 50 kutoka nilipokuwa. Kando ya tangazo, mahali ambapo huwa pana alama ya kuhariri, niliona kufuli, na maelezo kwamba makala imeshikiliwa na Super User tangu jana jioni.

Naapa kwamba sikuunganisha. Nilimpigia mhazini na kumhoji kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa watoro. Kisha niliandika katika kundi la wanachama, kwa Kiswahili fasaha, kwamba tovuti imevamiwa na mtu anayejiita Super User, na kwamba uongozi unamfuatilia kwa karibu. Hatimaye nikampigia yule kijana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sikiliza, kuna mtu anaitwa Super User."

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya, "huyo ni wewe."

Kumbe mtu anapofungua makala ili aihariri, mfumo huandika katika hifadhidata ni nani aliyeichukua na saa ngapi, ili wawili wasije wakafutiana kazi. Akimaliza, anapaswa kutoka kwa kitufe cha kufungia makala, ndipo kufuli liondoke. Mimi nilikuwa kama mtu aliyejifungia chooni, akatokea dirishani: komeo limebaki ndani, na walio nje wanaamini yumo. Na kufuli lenyewe huwazuia wahariri tu. Wasomaji waliendelea kusoma kwamba wataliwa.

Kijana angeweza kulifungua kama nisingebadilisha nywila. Njia ya kupitia hifadhidata ilikuwepo, lakini ilihitaji kompyuta, naye alikuwa shambani Muheza akichuma machungwa. Ufunguo wa ofisi ulikuwa katika mfuko wa kanzu yangu. Niliaga wakati masufuria ya pilau yakifunuliwa, na harufu ile ilinisindikiza hadi kituo cha basi.

Ofisini nilipindua kibodi, nikaingia, na kwa maelekezo ya simu nikafika mahali ambapo mfumo huorodhesha vitu vilivyoshikiliwa. Kwenye makala vilikuwa 31, vyote na Super User, salamu za Idi zikiwamo. Makufuli yale nilikuwa nikiyaona miezi yote hiyo, nami nilidhani ni alama ya usalama. Niliyafungua yote kwa jumla. Kisha nikafungua tangazo, nikabonyeza P kwa kidole gumba hadi meza ikalia, nikahifadhi na kufunga kwa kitufe chake.

Ilinibidi kuliandikia kundi kwamba Super User amepatikana. Mwenyekiti akauliza kama apelekwe polisi.

Siku ya mkutano ukumbi ulichelewa kujaa kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Bibi mmoja, mwanachama tangu chama kinaanza, ambaye kwa kawaida hufika kabla viti havijapangwa, aliingia saa nzima baada ya ufunguzi. Nilimwamkia na kumuuliza kama amesibiwa na jambo.

"Sijasibiwa, mwanangu," alisema huku akikagua safu za mbele. "Nimesubiri wanaoliwa kwanza waliwe, nione mmebakiza nini."