Dinari isiyo na uso

Mwaka wa 77 Hijria, yaani 696 au 697 Miladia, Khalifa Abd al-Malik bin Marwan alitoa dinari isiyo na picha yoyote. Upande mmoja ina shahada, upande wa pili maneno ya Sura ya Ikhlas: Mwenyezi Mungu ni Mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Miaka michache tu kabla yake, khalifa huyohuyo alikuwa anatoa dinari yenye umbo lake mwenyewe, amesimama na ndevu zake, mkono kwenye upanga. Ukiigeuza hiyo ya zamani unakuta vidato vya msalaba kama vilivyokuwa kwenye sarafu za Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki, Wakristo wa Constantinople, ila msalaba wenyewe umeondolewa mikono, umebaki mlingoti mtupu. Katika muongo huohuo wa miaka ya 690, Kaisari Justinian wa Pili kule Constantinople aliuweka uso wa Kristo mbele ya sarafu yake ya dhahabu. Yeye mwenyewe akahamia upande wa nyuma, akijiandika mtumwa wa Kristo.

Je, ni dini au tamaduni iliyoamua wapi pawe na picha na wapi pasiwe nazo? Watu wengi huumaliza mjadala huu kwa sentensi moja: Uislamu unakataza picha, Ukristo unaziruhusu, ndiyo maana msikitini kuna maandishi na kanisani kuna watakatifu. Sentensi hiyo ina ukweli. Ila inafanya ionekane kana kwamba kila upande ulizaliwa na jibu mkononi, na sarafu hizi zinaonyesha watu waliokuwa bado wanatafuta.

Wanaosema dini ndiyo iliyoamua wana ushahidi mzito. Nenda Yerusalemu, kwenye Kuba ya Mwamba aliyoijenga Abd al-Malik, yenye tarehe ya mwaka wa 72 Hijria. Ndani yake maandishi ya dhahabu yanazunguka jengo kwa takriban mita 240, na sehemu yake kubwa inazungumza na Watu wa Kitabu: msipindukie mipaka katika dini yenu, Isa mwana wa Maryam ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Hayo si mapambo ya kujaza ukuta. Ni hoja ya itikadi iliyowekwa katika mji uliokuwa umejaa makanisa.

Lakini inua macho kidogo kutoka kwenye maneno hayo. Vipande vya kioo vilivyotiwa dhahabu, mataji, vito, majagi yenye mimea inayochomoza, hata umbo la pembe nane la jengo lenyewe: vingi vya hivyo fundi yeyote wa Kibizanti wa Shamu angevitambua mara moja, na vingine angevitambua Mwajemi. Itikadi ilikuwa mpya, mikono ilikuwa ya zamani. Hapo ndipo wanaoipa tamaduni uzito wanapopata nguvu, na wana kituko kingine jangwani Jordan kiitwacho Qusayr Amra. Ni hamamu ya mwana wa mfalme wa Bani Umayya, ukoo wa Abd al-Malik, ya nusu ya kwanza ya karne ya 8. Kuta zake zina mawindo, wanawake wanaooga, na wafalme sita waliopangwa safu, baadhi yao wakiwa na majina kwa Kigiriki na Kiarabu: Kaisari, Kisra, Najashi wa Habasha. Familia hiyohiyo iliyofuta uso kwenye dinari ilioga ikitazamwa na nyuso.

Je, ni unafiki? Wapo watakaosema hivyo, na kwa maadili ya hamamu ile sitabishana nao. Kwa upande wa sanaa naona jambo jingine: lililozingatiwa zaidi ni mahali. Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na al-Walid, mwana wa Abd al-Malik, kati ya 706 na 715, una mozaiki za mito, miti na majumba mazuri, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Msikitini, hapana. Hamamuni, mambo mengine. Kuna hadithi maarufu ya pazia la Bi Aisha, lililokuwa na picha. Mtume (S.A.W.) alilichukia lilipotundikwa, Bi Aisha akalikata akafanya mito ya kuegemea. Wanazuoni wameizungumza kwa njia tofauti, lakini hata msomaji wa kawaida anaona tofauti ya kitu kilichotundikwa mbele ya macho na kitu kinachokaliwa.

Kanuni hiyo ya msikitini ilisafiri hadi kwetu. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107, yaliyochongwa kwenye matumbawe. Hakuna sura ya kiumbe, na jiwe ni la pwani hii.

Hoja yangu ya mahali, hata hivyo, inakwama ninapovuka kwenda kwa Wabizanti. Kwao ugomvi haukuwa wapi picha iwekwe. Katika karne ya 8 makaisari walianza kupiga vita ikoni, yaani picha takatifu za Kristo na watakatifu, na vita hivyo, pamoja na kipindi cha mapumziko katikati, havikuisha hadi 843. Wengine wamedai walikuwa wanawaiga Waislamu. Sishawishiki sana, kwa sababu Wakristo walikuwa wamebishana juu ya picha karne nyingi kabla, wakiisoma amri ileile ya Musa kuhusu sanamu. Na cha kuchekesha, mtetezi mkubwa wa ikoni, Yohana wa Damascus, aliandika akiwa chini ya utawala wa Kiislamu, mahali ambapo mkono wa kaisari haukufika. Hoja yake ilikuwa moja kwa moja: Mungu aliyechukua mwili amekubali kuonekana, na anayeonekana huchoreka. Kwa maana hiyo, kuikataa picha ya Kristo kulikaribia kuukataa mwili wake. Hapo hoja ya mahali haina nafasi tena. Picha yenyewe imekuwa fundisho.

Alama ya ugomvi huo ilikuwepo Nicaea, mji ulioko Uturuki ya leo, katika Kanisa la Kulala kwa Bikira. Juu ya madhabahu palikuwa na mozaiki ya Maria. Wavunja ikoni wakaiondoa, wakaweka msalaba. Waliposhindwa, msalaba nao ukaondolewa na Maria akarudishwa. Kanisa liliharibiwa mwaka 1922, lakini picha zilizopigwa kabla ya hapo zinaonyesha mishono ya vipande pale dhahabu mpya ilipokutana na ya zamani, na mikono ya msalaba uliong'olewa bado inasomeka pande zote mbili za Maria.