"Umetumwa" si jibu, mheshimiwa

Mgombea udiwani wetu alipanda jukwaani saa kumi jioni, akasema leo hakuja kuhutubia, amekuja kujibu. Maneno yamekuwa mengi kijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo mwenye la kuuliza aulize ana kwa ana. Nikasema moyoni, hapo umenipata. Huku Uporoto, mkoani Mbeya, tumezoea kampeni za fulana, spika na ahadi. Mtu anayetetea kiti kujiweka mwenyewe kikaangoni ni jambo adimu, na nilisogea mbele ili nisikie vizuri. Jukwaa lilikuwa tela la trekta lililoegeshwa pembeni ya gulio.

Mama mmoja akaulizia kalavati. Sote tunalijua. Lilisombwa upande mmoja kifuku cha mwaka juzi, na mpaka leo tunavuka juu ya magogo matatu ya mlingoti (mkaratusi), la katikati limeshaanza kuoza. Wa bodaboda anamshusha abiria kwanza, anavuka peke yake miguu ikiburuzika huku na huku, ndipo abiria anamfuata kwa miguu, na mzigo wake kichwani.

"Mama yangu," akajibu, "barabara si zangu. Barabara ni za TARURA."

Watu wakazomea. Mimi sikuzomea, kwa sababu alichosema ni kweli. Tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala wa serikali, ndiyo hiyo TARURA, kama maji ya vijijini yalivyopelekwa kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Diwani hana greda wala hasaini mkataba na mkandarasi. Anayewaahidi lami ili mumpe udiwani, huyo ndiye wa kuzomewa.

Lakini aliishia hapo hapo, na hapo ndipo aliponiudhi. Meneja wa TARURA wa wilaya huitwa kwenye Baraza la Madiwani kutoa taarifa, na baraza hukutana walau kila robo mwaka. Tangu lile kalavati liondoke na maji, vimepita si chini ya vikao sita. Mama hakuuliza barabara ni ya nani. Alitaka kusikia kwamba katika vikao hivyo sita kuna mtu alisimama akalitaja kalavati letu, na meneja akajibu nini. Kama lilitajwa likakosa bajeti, sema. Kama halikutajwa, napo sema.

(Kampeni zetu nazo huangukia kiangazi. Septemba barabara imekauka, Fuso zinapita, mgeni akifika atashangaa tunalalamika nini. Natamani siku moja wagombea wanadiwe Februari.)

Kwenye mikopo ya asilimia kumi, ile halmashauri inayovitolea vikundi kutoka mapato yake ya ndani, alijibu vizuri, nimpe haki yake. Kijana mmoja alimrushia kwamba mikopo ilifia mikononi mwake. Akaeleza bila kupandisha sauti kuwa ilisimamishwa nchi nzima Aprili 2023, ikarudi 2024 na mgao ule ule: asilimia nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Akavitaja vikundi vya kata vilivyoomba, akavitaja na vilivyokosa. Kijana akaketi akitikisa kichwa kukubali.

Kisha akasimama mzee mmoja, mkulima wa viazi kama mimi. Akauliza: geti la ushuru linapitishaje lumbesa kila siku, na wewe diwani upo?

Kwa msomaji asiyelima: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, halafu likavishwa kilemba, viazi juu ya viazi, kamba ikazungushwa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mwaka jana nilibeba moja la kwangu nikalipima kwa mzani wa jirani, likasoma kilo 138. Dalali alilinunua kama gunia moja. Getini, kijana wa mashine ya risiti huhesabu magunia, hapimi, kwa hiyo nalo likakatiwa ushuru wa gunia moja. Kilo 38 zikateremka Uyole, mjini Mbeya, bure. Mimi nimepunjwa, na halmashauri nayo imepunjwa mapato ambayo kila mwaka inasema hayatoshi.

Hapa hakuna TARURA ya kusingizia. Geti ni la halmashauri, ushuru ni wa halmashauri, na sheria ndogo hupitishwa na madiwani wenyewe barazani. Kama kuna swali moja jioni ile lililomhusu diwani kuanzia kofia hadi viatu, lilikuwa hilo.

Mheshimiwa akacheka. Akawatazama wapambe wake, akarudisha kipaza sauti mdomoni: "Mzee, wewe tunakujua. Umetumwa." Wapambe wakashangilia, mtu wa spika akafungulia muziki. Yule mzee alibaki amesimama, kofia mkononi, kama anayesubiri chenji, kisha akarudi kukaa kwenye majani.

Tuseme katumwa kweli, na aliyemtuma ni hasimu mkubwa wa mgombea wetu kuliko wote. Gunia linapungua uzito? Kilo 138 zilizotajwa na adui zinabaki kilo 138. Na kutumwa tangu lini kukawa tusi mbele ya diwani? Kazi anayoiomba ndiyo hiyo: tumtume barazani akaulize tusiyoweza kwenda kuuliza sisi. Anayekerwa na mtu aliyetumwa kuuliza swali, sisi tukimtuma tutegemee nini?

Jirani yangu anasema namwonea. Anasema wamemchafua sana msimu huu, wamemsema nyumba aliyojenga mjini, wamemsema mpaka ndoa yake, sasa mtu wa namna hiyo kila swali analiona jiwe. Namwelewa. Mambo ya ndoa yake asiyajibu, na angewafukuza mkutanoni walioyaleta ningempigia makofi. Lakini mzee hakuuliza ndoa, aliuliza gunia. Mtu aliyeweza kupambanua tuhuma ya mikopo na kuijibu kwa tarehe hawezi kuniambia kuwa hapo alichanganyikiwa.

Jumapili atakuja kitongoji chetu. Swali la mzee nimeliandika nyuma ya risiti yangu ya ushuru ya Juni. Mbele yake pameandikwa viazi, magunia 12, na kiasi nilicholipa. Kilo hazijaandikwa popote. Nitampa kwanza aisome upande huo, kisha nitamwomba aigeuze.